Kilichobaki Baada ya Keki

Tangu nikiwa mdogo, mama yangu Salomé amekuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyesoma habari za kwanza za Télé Kwetu hapa Kamina. "Na weye ulikuwa pale," huniongezea. Sisi watoto wake tulimcheka. Mwalimu wa shule ya Wamethodisti aliingia lini kwenye televisheni? Mji mzima unajua kuwa habari zile zilisomwa na Papa Ngoie, mwenye sauti nzito, ambaye siku hizi anaishi Lubumbashi. Nilikuwa wa kwanza kusema mama anatia chumvi, na leo najuta.

Sasa mimi mwenyewe ni mhariri wa picha katika kituo hicho. Leo kinatimiza miaka ishirini, na saa tisa alasiri bango la ukumbusho litazinduliwa, likiwa na jina la msomaji wa kwanza. Asubuhi nilimtajia mkurugenzi wetu, Nahum, jina la mama. Alinitazama kwa huruma.

"Christelle, bila picha siwezi kuandika. Bantu batasema ni kwa sababu iko mama yako."

Nikaenda mbio kwa Papa Ézéchias, fundi wa kwanza wa kituo. Nilimkuta akila mihogo.

"Ni kweli," alisema bila hata kufikiri. "Ngoie aliona kamera, sauti ikakatika. Mama yako alikuwa analeta communiqué ya masomo, tangazo ya shule yabo. Nikamwambia: mwalimu, weye unajua kusoma, ikala pale mbele ya kamera."

"Na ulirekodi, papa?"

"Nilirekodi, kaseti ikajaa. Lakini tulikuwa na kaseti ine tu, mutoto wangu. Juma yenye kufuata tukapiga mariage ya Maman Béthanie juu yake, tukamupatia."

Nilitaka kulia. Kisha wazo likanijia: je, kama harusi ilikwisha kabla ya kaseti, na mwisho wa habari zile bado upo? Nikarukia pikipiki ya kwanza iliyopita.

Maman Béthanie alitoa kaseti iliyofungwa ndani ya kitenge. Deki yake bado inafanya kazi, na kila mwaka huitazama harusi yake, akifika kwenye keki anazima. Ilikuwa saa sita na nusu. Nilimwomba tuipeleke mbele haraka.

"Hapana," alisema. "Bwana yangu alishakufa. Mule ku kaseti njo pahali moja tu minyi mwenyewe namuonaka anacheka. Hatutamukimbizisha."

Basi tukaitazama harusi yote. Kwaya iliimba nyimbo tano, mjomba akahutubu, halafu mjomba mwingine akamsahihisha wa kwanza. Mimi nilitazama saa ya ukutani zaidi kuliko nilivyotazama maharusi. Lakini bwana harusi alipocheka, Maman Béthanie naye alicheka kwa sauti ndogo, nikaionea aibu haraka yangu.

Saa nane ikapita. Keki ikakatwa. Maman Béthanie akanyoosha mkono kuzima, kama alivyozoea, nami nikamshika mkono huo kwa mikono yangu miwili.

Chenga zikajaa kwenye kioo. Kisha ikatokea meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma yake mama yangu, mwembamba, karatasi mkononi.

"...njo mwisho wa communiqué ya masomo. Hapa ni Télé Kwetu. Leo njo siku yetu ya kwanza. Murudie kesho."

Chini ya meza ukachomoza mkono wa mtoto mchanga, ukashika mikrofoni. Mama aliutoa polepole bila kuacha kutazama kamera. Sauti ya kukwaruza ikanong'ona pembeni: "Mwalimu, unipe mutoto." Alikuwa Papa Ngoie, sauti yake nzito ikiwa imekatika. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia.

Saa tisa tulizionyesha picha hizo ukutani mbele ya watu wote. Mama alikuwa mstari wa pili, mkoba magotini. Watu walipiga makofi, yeye akatikisa kichwa tu, kama mwalimu anayerudishiwa daftari lililochelewa. Nahum akachukua brashi ya rangi.

"Maman Salomé, naandika jina yako sasa hivi."

Mama akasimama, akakaza kitenge chake, akanitafuta kwa macho.

"Andika mbili," alisema. "Nilisoma na mutoto ku magoti. Minyi na Christelle."

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamera. Picha ya dakika ile imetoka ikitikisika vibaya, na sitaihariri.