Pilau ya Mwamvuli

Watu wakiniuliza kwa nini mimi ni wa chama cha Kengele, nawatajia barabara, zahanati na sera. Uongo mtupu. Nilihama Mwamvuli kwa sababu ya pilau. Miaka minane iliyopita walifanya mkutano hapa Kitaya, wakachinja ng'ombe mzima. Niliimba mpaka sauti ikakauka, halafu sahani yangu ikaja na wali na kiazi kimoja, nyama hakuna. Nilirudi nyumbani na hasira zangu, na kesho yake nikachukua kadi ya Kengele. Bendera yao nikaipandisha juu ya paa.

Na msinicheke. Jirani yangu mzee Ramadhani ni Kengele kwa sababu wake zake wote wawili ni Mwamvuli, naye anataka walau mahali pamoja pa kupumzika.

Shida ilinikuta Julai, mikorosho ilipochanua. Ninayo thelathini na miwili, ndiyo inayonilisha mimi na mama yangu. Ugonjwa wa ubwiri ukishatandaza kwenye maua ule unga wake mweupe, hupati hata korosho ya kutafuna. Dawa ni salfa, na mifuko yangu miwili nilikuwa nayo ndani, ila salfa inapulizwa kwa mashine. Mashine nzima kitongojini ilikuwa moja tu, ya Faraji, ambaye shamba lake limepakana na langu. Miaka yote alikuwa ananipulizia. Safari hii anagombea uenyekiti wa kitongoji kwa Mwamvuli, na kamati yake ikaamua kwamba mwenye bendera ya Kengele asipuliziwe.

Nikamfuata kwake.

"Faraji, ubwiri umeshaingia miti mitatu."

"Dada Mwanakombo, shusha ile bendera tu. Kesho alfajiri nipo kwako."

"Sishushi."

"Basi na mimi sina la kufanya. Kamati inanitazama."

Nililia njia nzima, sioni aibu kusema. Nilipofika nyumbani nikaegemeza ngazi, nikapanda mpaka kwenye bendera na kuanza kufungua fundo. Nikaikumbuka ile sahani. Nikalikaza fundo, nikashuka.

Alfajiri nikasikia mashine inanguruma. Faraji alikuwa shambani kwake, mashine mgongoni, kitambaa puani, na wajumbe wawili wa kamati nyuma yake kuhakikisha havuki mpaka. Hakuvuka. Alitembea mpakani, akaenda akarudi, bomba kalielekeza juu upande wangu, na salfa yote ikahamia kwangu ikatua kwenye maua yenye umande. Mjumbe mmoja akamuuliza mbona miti yake mwenyewe haipati kitu.

"Upepo huo," alisema Faraji. "Nao niudai kadi?"

Kila baada ya wiki mbili alikuja kutembea pale pale mpakani, mpaka maua yakashika. Mimi nikabeba ile mifuko yangu miwili ya salfa nikaiweka mlangoni kwake. Aliponiuliza, nikamwambia imeletwa na upepo.

Novemba niliingia kupiga kura mikono bado inanuka mabibo ya korosho. Mgombea wetu wa Kengele alikuwa Hadija, shoga yangu, mtu mzuri, na nilikuwa nimemwahidi. Nikasimama na ile karatasi mpaka msimamizi akakohoa. Gunia sita za korosho zilikuwa zinanisubiri nyumbani. Nikaweka tiki kwa Faraji.

Alishinda kwa kura tisini na moja kwa tisini. Akapanda juu ya benchi akasema wananchi wa Kitaya wamezielewa sera za Mwamvuli. Hadija alikuwa pembeni yangu anajifuta macho na mtandio, na mimi nikainama kutafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni.

Siku ya pili Faraji akaja kwangu. Nikamkaribisha chai.

"Ahsante, dada. Najua."

"Hujui kitu. Kura ni siri."

Tukacheka, akanywa chai yake, kisha akauliza, "Lakini hivi, wewe ulituhama kwa nini?"

Sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia: ng'ombe mzima, sahani yangu, wali mtupu. Faraji akakiweka kikombe chini taratibu.

"Sahani yenyewe ya bati, ina maua mekundu?"

"Ndiyo."

"Na kiazi kimoja."

"Kiazi sijakutajia."

Akatazama mlango, akauona uko mbali. "Siku ile mpakuaji nilikuwa mimi. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Nyama yako niliila nyuma ya sufuria. Wageni ningewanyima wangenuna. Wewe nilijua ni mtu wetu, hutasema."

Nilimtazama mwenyekiti wangu. Miaka minane ya kununa, shoga yangu nimemliza, na huyu nimemweka mimi, kwa kura moja, kwa miaka mitano. Nilitaka kummwagia chai. Ila gunia zilikuwa pale pale nyuma yake, zimejaa.

"Msimu ujao," nikamwambia, "huo mpaka utauvuka, kamati yako yote inatazama, na bendera yangu iko juu. Na utakuja na kilo mbili za nyama."

"Ya mbuzi au ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe. Na usiionje njiani."