Siku Waliyomgongea Meza

Bi Kächele wa ghorofa ya chini ndiye aliyemwambia ukweli, na kama isingekuwa zamu yao ya kupiga deki ngazi wangekutana wapi, wiki hii kibao cha zamu kinaning'inia kwenye mlango wao, na sasa Valbona amesimama mlangoni mwa jikoni, ndoo mkono mmoja, mtoto kiunoni, na mumewe amempa mgongo, anatazama nje dirishani, simu sikioni, anamwambia kaka yake kule kwao Korça, "Ndiyo, kaka Petrit, tunarudi, niulizie kama nafasi yangu hospitalini bado ipo"... ngoja, Gentian, ngoja kidogo, lakini neno limemkwama kooni, maneno yake tangu utotoni huja wageni wakishaondoka, na mtu akiongea na mkubwa wake hakatizwi, ndivyo alivyolelewa, na je, kama hakuelewa vizuri? Kijerumani chake ni cha kununulia mkate na viazi, ila Bi Kächele hakusema kwa mdomo tu, alisema na kwa mkono, "Hongera, Bi Dokta!", ndivyo anavyomwita, wazee wa huku mke wa daktari naye wanampa udaktari, hata kama shule yake iliishia ya msingi, "mpwa wangu Silke ni muuguzi kwenye wodi ile ile, kanisimulia, mumeo kaeleza habari za mgonjwa wa figo mbele ya Profesa na madaktari wote, wakamgongea meza mpaka vikombe vikacheza!", na Valbona akainamisha uso, aibu ikampanda mpaka masikioni, kumbe hata majirani wanajua, huyu bibi ananisimanga na ufagio wangu mkononi, akasema, "Samahani sana, Bi Kächele," na bibi akamkodolea macho, "Samahani ya nini tena? Huku wasomi hawapigi makofi, mwanangu, wanagonga meza, hivi!" akakunja ngumi akagonga kishikio cha ngazi, ko ko ko ko, "makofi tumewaachia wapiga muziki!" akacheka mpaka akashika ubavu... ko ko ko ko, bado mlio uko masikioni mwake, na Gentian anasema, "Hapana, kaka, hawajanifukuza, ila bado niko kwenye miezi ya majaribio, mtu unasubiri nini?", Jumatano ile alirudi tai iko mfukoni, supu hakuigusa, akakaa na koti lake mwilini kama mgeni, akasema, "Wamenigongea meza, Valbona, kama mwalimu Vangjel alivyokuwa akitugongea darasani tukipiga kelele, nilipomaliza sentensi ya mwisho tu, wote kwa pamoja, hata Profesa, nikaomba radhi nikatoka," akatoka! wanamshangilia naye anaomba radhi anatoka, ee Mungu, na wale wakabaki wanatazamana na ngumi zao mezani, Valbona anataka kucheka, anabana midomo, Drini anamvuta hereni, tulia mwanangu, baba anaongea, ile hotuba aliijua yeye kuliko mtu yeyote, alimshikia karatasi jioni baada ya jioni, Gentian mbele ya kioo, yeye kitandani na mtoto kifuani, haelewi neno hata moja ila anajua pa kupumua na pa kupaza sauti, na mwisho wake ni mzuri, unashuka taratibu kama mtu anayeweka kikombe mezani, alijua ni mzuri, sasa kwa nini alikubali upesi hivyo kwamba wamemkemea... na sisi tulipaswa kutambua, sisi kuliko watu wote, sisi tunaotikisa kichwa kushoto na kulia kwa ndiyo, na huku hiyo ni hapana, yule mzee wa wodini si alimuuliza, "Daktari, nitapona?" na Gentian akamtikisia kichwa kwa upole wake wote, ndiyo baba, ndiyo, na mzee akaangua kilio, akaomba aitiwe watoto wake, mpaka muuguzi akaja akauliza mara mbili, na hata yeye mwenyewe kwa muuza mikate, "Nikufungie?", akatikisa kichwa, mkate ukarudi rafuni, akaenda nyumbani mikono mitupu kwa kuona haya, basi na wao wana zao, sisi vichwa, wao ngumi, basi, hakuna ubaya wowote, hakuna, hakuna... "Mwambie mama asilie," anasema Gentian, "mwambie atatuona kabla pilipili hazijaanikwa," pilipili za mama, mashada mekundu ukutani, tangu Jumatano Valbona alikuwa akiziwaza, akikunja nguo za mtoto, akisema kimoyomoyo afadhali, afadhali turudi, nitaongea na watu bila kutoka jasho, na alidhani hiyo ni furaha, lakini pale ngazini, ngumi ya Bi Kächele ilipogonga kile kishikio, kilichomshuka kifuani kilikuwa kizito kama gunia la unga, kikashuka kweli, akapumua mpaka chini, kumbe hakuwa akitaka kurudi, kumbe hakutaka tu kumwona amekaa na koti, watarudi siku moja, pilipili hazikimbii, lakini si hivi, si kwa kuomba radhi kwa wanaokushangilia... maji ya ndoo yamepoa, Gentian bado amempa mgongo, bado anasema, "ndiyo, kaka, ndiyo," na kichwa chake kinatikisika kushoto na kulia kwenye kioo cha dirisha, na Valbona haogopi tena, ajabu hiyo, anasimama tu anangoja simu iishe, neno limeshatoka kooni, liko kwenye ulimi, halina haraka.

Asubuhi iliyofuata, Gentian alipokuwa akifunga kamba za viatu aende kazini, huku akicheka peke yake kama mwehu kwa yale aliyoambiwa jana, Valbona alipangusa unga wa byrek, pai ya kwao, mikononi, akakunja ngumi, akagonga meza, ko ko ko ko, vikombe vikacheza, Drini naye akagonga kwa kijiko, na kutoka chini mpini wa ufagio ukajibu kwenye dari ya Bi Kächele, na Valbona hakujiuliza kama ni shangwe au ni kukemewa kwa kelele za asubuhi, aligonga tena.