Fundo la Kuni

"Hivi, Mama Ikupa, lile fundo lililegeaje?"

Yudith, jirani yake, alimwuliza Tupokigwe swali hilo siku ya tatu ya matanga. Tupokigwe aliinamia Biblia yake. Watu wakaondoka na jibu lao: marehemu Ambindwile, mumewe Tupokigwe, alifunga ovyo, fundo likalegea, chuma kikasimama, akapeleka mkono, kikaamka tena.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kupasulia magogo, kuni za kukaushia chai kiwandani. Ilikuwa na kishikio kimoja. Ukikishika, chuma kinasukuma gogo kwenye kabari, kinarudi, kinasukuma tena, ukikiachia, kinasimama. Usalama wake wote ulikuwa hapo. Lakini kwa mkono mmoja kazi haiendi, na kiwanda kilitaka kuni. Ndipo wanaume wakaanza kukifunga kishikio kwa kamba ya mgomba, mikono yote miwili ipakie magogo.

Miaka miwili ikapita. Watu walikwisha kuhamia kijiji cha ujamaa, na Tupokigwe bado hakufunga mzigo wa kuni. Alizibeba kifuani, chache chache, wanawake wenzake wakimcheka. Kila akijaribu kukaza kamba alisikia, "Fungua."

Asubuhi moja akipita kiwandani alimkuta Simon, mume wa Yudith, amepewa mashine ile. Kamba mbichi ya mgomba ilikuwa kwenye kishikio.

"Iondoe hiyo, shemeji."

"Nikiiondoa nitalala hapa hapa," Simon akasema, akiweka gogo. "Marehemu, Mungu amrehemu, alifunga kiume. Hili kanifungia Yudith. Fundo la mzigo wa kuni, shemeji. Ukilivuta linazidi kukaza. Halilegei ng'o."

Tupokigwe alilitazama. Lilikuwa lile lile. Akageuka, akakata njia ya kwa Yudith, midomo ikitaja jina la Yesu.

Yudith alikuwa jikoni akimenya ndizi. "Mbona mbio, Mama Ikupa? Umefukuzwa na mchungaji?"

"Uliniuliza fundo lililegeaje."

"Ah, hayo ya zamani."

"Halikulegea. Nililifunga mimi, kama ulivyomfungia Simon. Mkono ulipoingia aliniita, 'Fungua.' Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikavuta, likakaza. Nikang'ata kwa meno. Chuma kilikwenda na kurudi mara tatu, Yudith, mimi nang'ata."

Ng'ambo ya mashamba ya chai mashine ilisikika ikinguruma, ikitulia kidogo, ikinguruma tena.

Yudith akainuka, kisu kikiwa bado mkononi na utomvu wake, akampita Tupokigwe mlangoni, akakimbilia kiwandani.