Cheti cha Daktari Nassima

Jina la Daktari Nassima limeandikwa juu ya mlango wa duka letu la dawa kwa rangi ya kijani, na cheti chake cha ufamasia kimetundikwa nyuma ya kaunta. Yeye mwenyewe anakaa mji mwingine, Oran. Hapa Mascara huja mara mbili kwa mwaka kutia saini, akanywa kahawa wima, akaondoka. Duka ni la mfanyabiashara wa saruji, cheti ni cha kukodi, na anayewahudumia watu miaka kumi na tisa sasa ni mimi, Kheira, muuzaji tu. Nusu ya mtaa huu nimewachoma sindano mimi, na kila mtu anajua, na kila mtu hujifanya hajui.

Vuli ile ikatoka amri kwamba maduka ya dawa yatachanja watu dhidi ya homa ya mafua, ila kwanza wafamasia wafunzwe siku mbili. Nikampigia simu mwenye cheti.

"Kheira dada yangu, mimi nina harusi," akasema. "Nenda wewe na kitambulisho changu. Picha yenyewe ya zamani, nani ataitazama?"

"Na wakinishika?"

"Wakushike kwa lipi? Kuchoma unajua kuliko mimi. Chanjo zikianza nitakuombea kibali chako mwenyewe cha kuchanja. Nakuapia."

Kibali changu mwenyewe! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama.

Tulijifunza kwenye mikono ya sponji: upime vidole viwili chini ya mfupa wa bega, mtu akae robo saa baada ya chanjo, na koo likianza kumziba, sindano ya adrenalini pajani bila kusita. Wenye shahada zao walitetemeka. "Daktari Nassima, hebu waonyeshe wenzako," mwalimu akaniambia, nikawaonyesha. Nilishika nafasi ya kwanza. Nikaingia chooni nikalia kwa furaha, nimekumbatia karatasi yenye jina la mtu mwingine. Mjinga kama mimi hajazaliwa.

Siku ya nne ya chanjo akaja jirani yetu Hajja Mimouna.

"Nichome wewe, mwanangu. Yule wa hospitali anachoma kama anatoboa ndoo."

Nikamchanja, nikamkalisha kitini. Hazikupita dakika tano midomo ikavimba, pumzi ikaanza kumkwama. Nikamlaza, nikamwinua miguu, nikamchoma adrenalini pajani, nikaita gari la wagonjwa. Lilipofika alikuwa ameshaanza kulaumu kwamba sakafu ni baridi.

Jambo kama hilo lazima liripotiwe. Wiki iliyofuata mkaguzi akaja, na Daktari Nassima akawahi kabla yake.

"Wewe nyamaza tu," akaninong'oneza. "Nitasema ni mimi. Ukifungua mdomo, huna kazi wala kibali."

Nikawapisha, akajitaja yeye. Mkaguzi akamsifu: mgonjwa kaokolewa kama kitabu kinavyosema, wafamasia wangekuwa hivi wote! Nassima akainamisha macho kwa haya, kama bibi harusi. Nikatamani kumzaba kofi.

Ndipo Hajja Mimouna akaingia, mzima wa afya, sahani ya keki za tende mkononi. Akampita daktari bila hata salamu, akanikumbatia.

"Huyu ndiye aliyenirudishia roho!" akamwambia mkaguzi. "Kanichanja yeye, kaniokoa yeye. Huyu bibi mwingine simjui."

Mkaguzi akaacha kutabasamu. Nassima hakukawia hata pumzi moja.

"Bwana, nilikuwa namsitiri kwa huruma. Aliniibia kitambulisho, akaenda mafunzoni kwa jina langu. Nimejua jana tu."

Fadhila ya punda ni mateke. Na ningesema nini? Sahihi zote za mafunzoni nilitia mimi, kwa mkono wangu.

Mkaguzi akamgeukia mzee. "Hajja, una hakika ni huyu aliyekuchoma?"

"Wallahi ni huyu! Mara mbili, begani na pajani. Na wanangu wote kawachoma yeye, miaka na miaka."

Hajja akadhani natafutiwa zawadi, si kesi. Akaushika mkono wangu akaubusu mbele yao. Mkaguzi akaandika kila neno, kisha akamsogezea wino, kwa kuwa Hajja hajui kuandika. Akachovya kidole gumba, akakikandamiza kwa nguvu zake zote.

"Andika vizuri, mwanangu," akamwambia. "Jina lake ni Kheira. Asije akasahauliwa."