Flashi Iliyoimba Kabla ya Kukaribishwa

Kitendawili. Mgeni wangu haingii mpaka asukumwe, na akishaingia anaimba kabla hujamkaribisha. Wajukuu zangu walitaja jogoo, wakataja redio, mwisho wakanipa mji. Ni flashi.

Yangu ilikuwa na nyimbo za kwaya yetu ya kina mama. Ilikuwa pia na mimi mwenyewe, nimejirekodi jikoni nikimwigiza mwenyekiti wetu Kabula anavyopandisha sauti ya kwanza mpaka inamkatikia kooni. Nilikuwa nawawekea wajukuu wa Igalula wacheke.

Jumatano nikaipeleka Gongoni kwa Omari mwenye duka la kuchapa, anichapie maneno ya nyimbo. Omari ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi ni watani zao tangu enzi za misafara, akinisema sinuni. Alipoichomeka tu, kompyuta ikajifungulia yenyewe, sauti yangu ikafika barabarani.

"Mtani, huyo mbuzi umemfunga wapi?"

"Zima, Omari. Jumamosi Kabula anaitumia hiyo hiyo kwenye mazoezi. Akisikia, kwaya nimetoka."

"Basi niufute huo wimbo."

"Uufute, na nilivyoimba vizuri vile?"

Akapunguza sauti, akachomeka tena; ikaanza tena, kimya kimya. Akaingia kwenye mipangilio, upande wa vifaa, akakuta swichi ya kujifungulia yenyewe. Akaizima. Chini yake palikuwa na mstari wa flashi. Akachagua isifanye chochote. Akachomoa, akachomeka. Kimya.

"Imepona?"

"Imepona kabisa, mtani." Akainama kufunga droo, mabega yakimtikisika. Nikadhani kikohozi.

Jumamosi nikamkabidhi Kabula flashi kwa mikono miwili, kifua mbele. Akaichomeka kwenye kompyuta ya ukumbini. Nikajisikia naimba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Swichi ile inakaa kwenye kompyuta, haisafiri na flashi. Omari alitibu mashine yake, akanituma nikafie kwenye ya wenzake.

Kina mama wote wakaangalia sakafu. Kabula akasikiliza hadi mwisho, akairudisha mwanzo.

"Josepha, hapa juu mimi huwa naishia njiani. Wewe umefika."

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe halafu nipate nini? Toka huko sauti ya pili. Wageni wa Usoke wakija, huu mwanzo unauimba peke yako. Sauti ikikukatikia kooni, na mimi nitakuigiza."

Jumatatu nikarudi Gongoni, koo limekauka kwa mazoezi. Omari alikuwa anakwenda kuswali.

"Niangalizie duka, mtani."

"Nenda tu, baba."

Mipangilio. Vifaa. Nikawasha swichi, mstari wa flashi nikaurudisha kwenye kucheza, nikapandisha sauti mpaka mwisho, kisha nikakaa kwenye benchi, mikono mapajani, kusubiri mteja wake wa kwanza mwenye flashi.