Jiwe Linaloogopa Baridi

Kwetu kuna sheria ya vitendawili niliyoitoa kwa mama yangu kule Uvira: kikimshinda mtu, aliyetega haruhusiwi kulitoa jibu kwa mbali. Sharti aje, akae mbele yako, mle sahani moja, ndipo aseme.

Mjukuu wangu Sephora, niliyemlea mwenyewe hapa Ngagara, anasoma Ufaransa. Jumapili moja ya mwezi wa kumi, baada ya misa, akanipigia simu ile ya kuonana.

"Sokwe!" akaita, ndio mwito wetu wa kutega kitendawili.

"Niruze!" nikaitika, yaani tega.

"Nyumba yangu ikipoa, watu wanashikana wawili wawili, hakuna anayetoka. Ikipata moto wanaachana, wanatembea."

Jibu nililijua palepale. Si alikwisha kunionyesha jiwe lake la masomo? Jeusi, dogo kama punje ya chumvi. Likiwa na baridi, umeme haupiti, utadhani ni ukuni mkavu. Ukilipasha kidogo, umeme unapita kama kwenye waya. Wanalipiga mwanga wa jamii ya ile radio, picha ya mifupa, niliyopigwa kifuani hospitalini, ila wao hawatafuti mifupa. Wanatazama ndani ya jiwe umeme umekaaje. Na bado hawajui: zile punje zake zisizoonekana zinashikana kwanza ndipo umeme ukwame, ama umeme unakwama kwanza?

"Kimenishinda," nikasema.

"Aa, Koko! We ushindwe?"

"Uzee, mama. Utakuja kunitegulia."

Akacheka. "Nitakuja Pasaka."

Tangu siku ile nikawa na mtu wa kungoja. Nyumba yenye mtu mmoja hata sufuria ndogo inakuwa kubwa. Nikawa natoa godoro lake nje kila jua likitokea. Jirani yangu Concilie akanicheka juu ya ukuta.

"Koko Mathilde, hilo godoro utaliua! Mutoto mwenyewe bado yuko mbali."

"Liache lipate moto," nikamjibu.

Kwaresima ikaingia. Sephora akapiga, safari hii bila kuita sokwe.

"Koko, ile mashine kubwa ya mwanga, watu wa dunia nzima wanaipangia mustari. Zamu yangu imetoka. Iko wiki ya Pasaka."

"Ukiikosa?"

"Wanapatia mwengine. Mi nangoja tena, sijui mpaka lini." Akafuta uso kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. "Lakini sheria ni sheria. Kilikushinda. Sema nije, nakuja."

Neno moja tu lilitakiwa. Lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"Ngoja," nikasema. "Si ni jiwe lako?"

Akasogeza uso karibu na simu.

"Koko. Umejua tangu lini?"

"Imenijia sasa hivi."

"Muongo we!" Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Sikudai safari tena. Nenda kalipige mwanga, uniambie kipi kinatangulia."

Simu ilipokatika, mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milimani. Nikatoka kuliwahi godoro.

"Amesema siku?" Concilie akauliza.

"Amesema."

Nikalibeba peke yangu, nikalitandika chumbani kwake. Lilikuwa bado na moto wa jua. Nikakaa juu yake, mikono magotini, nikisikiliza mvua kwenye mabati, mpaka likapoa.