Pikapu ya Baba Mkwe

Miaka ile ya dhahabu kule Nyamongo, mtu hakuacha jiwe hivihivi. Hata lililomkwaa kidole aliliokota, akalilamba, akaligeuzageuza juani. Basi ndivyo Mogesi alivyojiponza.

Baba mkwe wake, mzee Heche, alikuja na mkewe Mokami kutoka Nyambureti kumwona binti yao. Walikuja na pikapu ya dizeli, breki ya mkono imekufa zamani. Robi, dereva, aliiegesha mlimani, pua juu, akaiacha kwenye gia ya kwanza, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Wageni wakaingia ndani kula; Mogesi akabaki nje kwa heshima ya mama mkwe.

Sasa lile jiwe lilikuwa na kamstari kanakometameta. Mogesi akakaona. Akalichomoa.

Pikapu ikarudi nyuma kwa kushtukashtuka, injini ikiguna, mpaka ikaegemea kichuguu. Mogesi akatazama huku na huku. Hakuna mtu. Akaenda kuliponda jiwe lake. Halikuwa na kitu.

Wageni walipotaka kuondoka, Robi akapiga stata. Ka-ka-ka, kimya. Akaitwa fundi Saadi, akafungua kifuniko cha mbele ya injini.

"Mzee, taiming belti, mkanda unaoendesha valvu, imeruka meno. Valvu zimegongana na pistoni, zimepinda."

"Imerukaje? Si imetuleta vizuri?"

"Injini imezungushwa kinyume. Belti kuukuu hii, ukiirudisha nyuma inalegea, inaruka. Gari limeporomoka likiwa kwenye gia."

Heche akamgeukia Robi. "Hukuweka jiwe."

"Niliweka, tata. Baba, niliweka."

"Likaota miguu? Kazi yangu basi, nenda kwenu."

Mogesi akasogea. Mama mkwe amesimama palepale, na Mkurya mbele ya mama mkwe hata macho hainui, sembuse kutaja ujinga wake. Akaongea na vidole vyake vya miguu.

"Tata, jiwe nilichukua mimi. Nilidhani lina dhahabu."

Saadi akaangua kicheko. "Umepata gramu ngapi, shemeji?"

Heche hakucheka. "Robi, shika usukani. Mkwe wangu ataleta ng'ombe waivute."

Pikapu ikafungwa minyororo. Mogesi akatangulia na maksai, wakakatiza sokoni kwenda gereji, wachimbaji wakipiga miluzi. Mokami alikaa mbele na Robi. Mogesi akamsikia mama mkwe akicheka, taratibu, njia nzima. Akashukuru kitu kimoja tu: hakuruhusiwa kugeuka kumtazama.